Tukio la Unyenyekevu

Gervas alinikaribisha kwa keki. Hilo lilipaswa kunishtua mapema, maana katika miaka minne niliyofanya kazi kampuni ya Nong'ona sikuwahi kumwona bosi wangu akimkatia mtu hata kipande cha muwa.

"Kaa, Tusekile," alisema. "Leo ni siku yako."

Ilikuwa Jumatano, saa tatu asubuhi, ghorofa ya sita ya jengo letu pale Mbeya mjini. Nilikaa. Nikaipokea sahani. Ukutani picha ya Mama Naju ilikuwa ikitabasamu, ukubwa wa mlango, khanga begani na mwiko mkononi. Mama Naju hakuzaliwa. Aliundwa kwenye kompyuta, ghorofa ya nne, mwezi wa pili, na vijana watano waliokuwa hawajawahi kubeba mtoto. Sheria inataka watu wa kuundwa wawekewe nukta ya kijani kwenye kona ya picha, na yeye anayo. Watu wameshaizoea nukta hiyo, hawaioni tena.

"Ameanza na uzito wa kumi na nne," Gervas alisema. "Leo yuko ishirini na tisa. Wiki tano zijazo atakuwa sabini. Na ni kwa sababu yako."

Kwa kazi yangu naitwa msomaji. Sisomi vitabu, nasoma watu wanaosikilizwa. Zamani kampuni iliyotaka kuuza sabuni iliuliza nani ana wafuasi wengi. Zama hizo zilikwisha pale ilipogundulika kwamba nusu ya wafuasi ni hewa, na nusu nyingine wanaangalia huku wanasinzia. Siku hizi kinachouzwa ni uzito. Karibu kila mtu amebandika kipini nyuma ya sikio, kidude kidogo kuliko punje ya mahindi, kinachomsomea ujumbe na kumpigia simu. Kinatolewa bure kwa sharti moja lililoandikwa kwa herufi ndogo, kwamba kitapima mapigo ya moyo wako na kuyapeleka yanakohitajika. Mtu unayemfuata akisema "tumia hiki", kipini kinaangalia mambo matatu: kama umetulia kusikiliza, kama moyo wako umekaa sawa au umeruka kwa wasiwasi wa kutapeliwa, na kama ndani ya siku saba umefanya alichosema. Jumlisha wafuasi wote, unapata namba kati ya sifuri na mia. Wanamuziki wakubwa wanacheza kwenye ishirini. Mawaziri sitawataja, nisije nikaitwa mchochezi.

Mama Lusajo wa Tukuyu, mwanamke wa miaka hamsini na tatu anayefundisha kulisha watoto wachanga akiwa jikoni kwake, ana themanini na moja. Mimi ndiye niliyetumwa kwenda kujua kwa nini.

Nilikaa kwake wiki mbili mwezi wa tano, na jibu nililipata mahali ambapo mashine zetu zilikuwa zimeandika "kushindwa". Mwaka juzi aliwahi kupendekeza unga wa lishe wa msagishaji mmoja wa Kiwira. Karanga zake zilikuwa na sumukuvu. Watoto wawili waliugua. Mama Lusajo akanyamaza ghafla, siku kumi na tisa bila neno hata moja, na kwa mashine huo ulikuwa ukurasa unaokufa. Kumbe alikuwa barabarani. Alizunguka nyumba mia mbili na kumi na mbili zilizonunua unga ule, akakusanya makopo, akaomba radhi mlango kwa mlango. Aliporudi hewani alisema dakika tatu tu. Uzito wake ulitoka thelathini na nne ukaenda themanini na moja, na haujashuka mpaka leo.

Niliandika yote hayo kwenye ripoti, kurasa arobaini, kwa mapenzi kabisa. Nilidhani nawapelekea kampuni habari njema, kwamba uaminifu unalipa. Lakini ripoti zetu zina kisanduku mwishoni kinachoitwa Hatua za Kurudiwa, na fomu haiendi mpaka ukijaze. Msomaji yeyote atakwambia kisanduku kile tunakijaza kama mtu anavyopiga miayo. Ilikuwa Ijumaa jioni. Niliandika: kosa, ukimya wa siku 19, kukiri. Nikabonyeza tuma, nikaenda kula chipsi.

"Tumekiita Tukio la Unyenyekevu," Gervas alisema. "Mama Naju aliupendekeza unga wa Totosha juzi Jumatatu. Pakiti elfu sita ziko madukani, Mbeya, Songwe na Njombe. Hili toleo la kwanza lina kitu kidogo ndani."

"Kitu gani?"

"Cha kusumbua tumbo. Watoto wataharisha siku mbili. Wachache tatu. Mama Naju ananyamaza siku kumi na tisa, kama ulivyoandika. Anarudi, anakiri, analia kidogo, Totosha wanabadilisha pakiti zote bure. Hakuna anayepoteza."

Niliitazama keki. Ilikuwa na jina langu juu yake, limekosewa herufi moja.

"Nani amesema ni siku mbili?"

"Wataalamu wa mteja. Kiasi kimepimwa, ni salama."

"Kimepimwa kwa nani?"

"Kwa watu wazima."

"Gervas. Uji huu ni wa watoto wa miezi sita."

Alinitazama kwa masikitiko ya kweli. "Huwezi kufanya majaribio kwa watoto, Tuse. Ni kinyume cha maadili."

Nimesikia mengi katika jengo lile, lakini hilo lilinitoa jasho. Mtoto wa miezi saba akiharisha siku mbili, maji yanamwishia mwilini na macho yanamzama. Kule vijijini zahanati iko mbali, na mama atafikiri ni meno. Niliweka sahani mezani. Sikupiga kelele, ningepiga, angeita walinzi na kipini changu kingefungwa kabla sijafika chini.

"Hongera kwetu," nilisema, nikaomba ruhusa ya nusu siku nikapumzike.

Nikiwa bado kwenye ngazi nilipiga simu ofisi ya ukaguzi wa vyakula. Dada aliyepokea alikuwa muungwana. Aliniandikisha jina, akaniambia mkaguzi atachukua pakiti dukani leo hii, na majibu ya maabara yatatoka baada ya siku tano. Nilimwambia siku tano ni nyingi. Akasema anajua, na bila majibu hawezi kufunga duka la mtu. Hakuwa na kosa. Nikapanda basi la Tukuyu la saa nne na nusu.

*

Mama Lusajo nilimkuta uani, anamenya ndizi kwenye beseni. Jikoni kwake ndiko anakorushia vipindi, na jiko lenyewe ni lilelile analopikia, na moshi wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Msomaji umerudi." Alinipima juu mpaka chini. "Umekonda. Huko mjini mnakula picha?"

Kwa kawaida ningecheka. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza kila kitu, kuanzia keki mpaka zile pakiti elfu sita. Mwanzoni aliendelea kumenya. Nilipofika kwenye zile siku kumi na tisa, kisu kilisimama.

"Siku zangu," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nani aliyewapa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo njia nzima, kuanzia Uyole. Nilikuwa na maelezo mazuri kuhusu fomu na visanduku. Yote yalinikauka mdomoni.

"Mimi."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alinawa mikono taratibu, akaifuta kwenye khanga, akasema, "Wiki mbili ulilala kitanda cha Lusajo. Nikakwambia mambo ambayo hata dada yangu sijamwambia. Nilikwambia jinsi yule mama wa Ikuti alivyonimwagia maji mlangoni, nami nikakaa palepale mpaka akafungua tena. Na wewe ukaenda ukawaambia hiyo ni dawa ya kuuzia unga."

"Nilikosea, mama."

"Najua umekosea. Kwetu mkosaji ndiye anayetembea, humngoji mtu aje kwako. Umekuja, basi sema umekuja na nini."

Nilikuwa nimekuja na mpango, na niliuona mzuri. "Una watu laki sita, mama, na themanini kwa mia wanafanya unachosema. Ingia hewani sasa hivi, useme maneno matatu tu: msiwape watoto Totosha. Watakutii. Hakuna haja ya kueleza zaidi."

"Na wakiuliza kwa nini?"

"Useme umesikia si nzuri."

Alinitazama kama anayetazama maziwa yaliyokatika. "Wananisikiliza kwa sababu sijawahi kuwaambia kitu bila kuwaambia nimekijuaje. Na yule ambaye mwanawe ameshakunywa tangu jana? Atajuaje kwamba hayo si meno? Atajuaje akimbilie wapi?"

Hapo alikuwa amenishika. Lakini nilikuwa na kitu kingine moyoni na nilipaswa kukisema, maana ningekificha ningekuwa nimemtapeli mara ya pili.

"Mama, ukieleza yote, utaumia. Ukiwaambia watu kwamba kuna kampuni zinapanga makosa ili ziombe radhi, swali la kwanza litakuwa juu yako wewe. Watauliza kama na zile karanga zilipangwa. Utakuwa umewafundisha mwenyewe kukutilia shaka. Nasoma haya mambo kila siku. Uzito ukianguka kwa njia hiyo hauinuki tena."

Jogoo alipita, akadonoa ganda la ndizi, akaliacha. Niliona mikono yake ikitafuta kazi ya kufanya na kuikosa. Jina lile alilijenga kwa miguu yake, na alilipenda, kwa nini asilipende? Wamama wa wilaya nne humpigia kabla hawajampigia mganga. Mwaka huu alikuwa ameombwa na hospitali tatu afundishe wauguzi. Nilimwonea huruma mpaka nikatamani akatae, nirudi Mbeya nikijiambia nilijaribu.

"Wewe wakikujua watakufanya nini?" aliuliza.

"Wataninyang'anya leseni. Msomaji akitoa mambo ya kampuni nje harudi tena kwenye kazi hii, mahali popote."

"Una kazi nyingine?"

"Hapana."

"Tungeweza kusema bila kukutaja jina."

"Tungeweza."

"Lakini neno lisilo na mwenyewe, nani atamwaga uji wake kwa ajili yake?" Alisimama, akakung'uta khanga. "Mimi nitakupa ukurasa. Maneno utasema wewe, na jina lako utalitaja kamili, na la baba yako. Mimi nitakaa pembeni wanione. Wakinitilia shaka, wanitilie nikiwa nimekaa hapo."

"Mama, fikiria kwanza."

"Nimeshafikiria. Mtoto anaharisha huko, wewe unaniambia nifikirie. Ingia jikoni, utoe hiyo sufuria iliyopo mbele ya kamera."

*

Tulianza saa nane na dakika kumi mchana. Nilikuwa nimevaa miwani ya usomaji, ile inayoonyesha uzito wa ukurasa ukipanda na kushuka papo kwa papo. Mazoea tu. Daktari naye akiumwa hujishika mkono apime mapigo.

Mama Lusajo aliwasalimia, akasema, "Leo kuna mtu amekuja na jambo zito. Msikilizeni mpaka mwisho, halafu muamue wenyewe." Kisha akakaa kwenye kigoda, kimya, mikono magotini.

Uzito ulisomeka themanini na moja. Watu elfu tisini walikuwa wanasikiliza, na nilijua mapigo yao yametulia. Sijawahi kuwa upande ule wa kamera.

"Naitwa Tusekile Mwambungu, binti wa mzee Ambokile Mwambungu wa Kyela. Ni msomaji katika kampuni ya Nong'ona. Unga wa Totosha ulioingia madukani wiki hii umetiwa kitu cha kuharisha, kwa makusudi. Kama umeununua, usimpe mtoto. Kama ameshakunywa na anaharisha, msiseme ni meno. Endelea kumnyonyesha, mpe maji ya ORS kidogokidogo, umpeleke zahanati leo, si kesho."

Themanini. Walikuwa bado nami. Ningeweza kuishia hapo na nilitamani sana kuishia hapo. Nikamtazama Mama Lusajo, naye akanitikisia kichwa.

Nikawaeleza kwa nini. Nikawaambia kwamba Mama Naju ataomba radhi baada ya siku kumi na tisa, na kwamba hata machozi yake yameshapangwa, bosi wangu ameniambia. Nikawaambia siku kumi na tisa zilitoka wapi, na nani aliziandika kwenye fomu.

Namba ikaanza kuondoka. Sabini na mbili. Sitini na tano. Katika kazi yangu nilishaona kurasa zikianguka, lakini kwa majedwali, wiki moja baadaye, nikiwa na kikombe cha chai. Sikuwahi kuona moja ikianguka mbele ya mwenyewe.

"Unaona nini?" Mama Lusajo aliuliza, hewani, watu wote wakisikia.

"Hamsini na nane."

"Endelea."

Tukafungua simu. Wa kwanza alikuwa mwanaume, hakutaja jina. Alisema kwa utulivu kabisa kwamba sasa anaelewa. Kwamba zile karanga za mwaka juzi zilikuwa kiini macho, na makopo, na machozi, na kutembea. Kwamba mkewe alimsifu mama huyu mpaka akachoka, na leo siri imetoka kwa kinywa cha mtu wao wenyewe.

Mama Lusajo hakujitetea. "Niulize lolote, mwanangu, nitakujibu," alisema, lakini simu ilishakatwa. Arobaini na moja.

Akafuata mwingine, akauliza kampuni gani ya unga imetulipa. Mwingine akasema mimi ni msaliti wa waajiri wangu, na msaliti haaminiki popote, jambo ambalo sikuwa na hoja ya kulipinga. Katikati yao aliingia msichana wa Vwawa, sauti yake inakimbia, mtoto ameharisha mara sita tangu asubuhi. Mama Lusajo alimshika kwa maneno kama anayemshika mkono: macho yamezama? Akilia machozi yanatoka? Haya, mfunge mgongoni, zahanati ipo, unaenda sasa tukiwa tunaongea. Msichana alikwenda huku tunasikia pumzi zake mpaka tukasikia sauti ya muuguzi. Nilidhani hapo namba ingeinuka. Ilishuka kwa mbili. Watu walidhani tumempanga.

Saa tisa kasoro kipini changu kilinong'ona sikioni. Gervas. "Tuse, bado hujachelewa. Sema ulikuwa na msongo wa mawazo. Tutakulinda. Hata hili tunaweza kulitumia."

Hata hili tunaweza kulitumia. Nilikuwa nimekaa na hofu tangu asubuhi, na sentensi hiyo moja iliifagia yote. Nikakibandua kipini, nikakidumbukiza kwenye beseni la ndizi. Hasira ilinipa sauti. Nikayarudia yote tangu mwanzo, jina langu, jina la baba, unga, dalili, zahanati, kwa ajili ya waliochelewa kuingia, na kila nusu saa nikayarudia tena mpaka koo likaanza kuwasha.

"Sasa ni ngapi?" Mama Lusajo aliniuliza saa kumi na robo.

"Kumi na tisa."

Alifumba macho. Miaka sita ya kazi yake ilikuwa hapo. Nilisema, "Nisamehe, mama," nikasikia machozi yanakuja, nikayazuia kwa nguvu, maana machozi mbele ya kamera siku hiyo hayakuwa na thamani yoyote.

"Vua hiyo miwani," alisema. "Inakupotezea akili. Pokea simu."

Niliivua. Simu iliyofuata ilitoka Makambako, mwanamke mtu mzima, na nyuma yake mtoto alikuwa akicheka na kugonga kitu cha bati.

"Nimewasikiliza tangu saa nane," alisema. "Wewe msomaji sikuamini. Uliuza siri za mama aliyekupa pa kulala, na leo unauza za bosi wako. Na Mama Lusajo, samahani, umri wako nauheshimu, lakini kuanzia leo na wewe sikuamini. Kila utakachosema nitajiuliza mara mbili."

"Sawa, mwanangu," Mama Lusajo alisema. "Ni haki yako."

"Lakini uji nimeumwaga. Na pakiti nimeitumbukiza chooni."

Mama Lusajo alishika ukingo wa meza.

"Asante," alisema. "Mwambie na jirani yako."

"Nimeshamwambia," alijibu yule mwanamke, akakata simu.